Mchungaji aliyenifikisha kwa Yesu ni wa zizini, sio wa kanisani

Kuna mtu juzi kanikera. Ati ng'ombe zangu zimenawiri sababu nimeokoka, na yeye anataka aokoke ili zake zinenepe. Ndugu yangu, ng'ombe mkubwa anakunywa lita 40 mpaka 60 kwa siku, jua likiwa kali anazidisha, sasa wewe funga ukaombe bila kuchimba kisima uone kama atanenepa. Mimi nimeokoka na kupe bado nawaogesha kila wiki, kupe hawana dini.

Nilikua mfanyabiashara wa saruji na mabati miaka mingi tu. Nikauza maduka, nikanunua eneo, nikaweka ng'ombe, hayo hayana stori. Stori ni kwamba niliingia zizini na akili ya dukani. Jamaa mmoja wa mnadani akanifundisha, siku moja kabla ya kuuza changanya chumvi nyingi kwenye pumba, usiwape maji usiku kucha, asubuhi wafungulie birika. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu hiyo hata mtoto anaijua, na dume lenye kiu linafuta lita 50 kama mchezo. Yani unauza maji kwa bei ya nyama! Nikajiona profesa. Mara mbili ikakubali, nikawa natembea mkono mfukoni.

Mara ya tatu nikaona chumvi ile ndogo nikaongeza, tena lilikua jua la kuua na nikawanyima maji toka mchana. Asubuhi wakakimbilia birika, na mimi nahesabu kilo tu pale pembeni. Haijafika saa mbili dume moja likaanza kuyumba kama limetoka kilabuni, likagonga uzio, kumbe halioni. La pili likalala chini likawa linapiga mateke. Daktari wa mifugo kafika kaniangalia kama mwizi wa kuku, akasema mnyama aliyejaa chumvi halafu hana maji, ukimwachia anywe kwa mpigo maji yanakimbilia kwenye ubongo unavimba, alitakiwa apewe kidogo kidogo. La kwanza likafa mchana ule ule. Pale zilienda faida za zile safari mbili zote na kitu juu.

Sasa mzee wangu anayechunga, mtu wa maneno machache, usiku ule kakesha na lile la pili, anampa maji kwa kikombe, anasubiri, anampa tena, na midomo inacheza. Nikamuuliza mzee unaomba nini hapo. Akasema, "Namwombea huyu apone, na wewe bosi nakuombea, maana huyu akipona hatarudia." Alafu akanisomea kwa kichwa Mithali 11, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hajui hata kusoma vizuri huyo mzee, kakariri. Dume likapona. Mimi nikabaki na ile sentensi.

Sikuona mwanga wala sikuanguka. Ilichukua miezi, nauliza maswali ya kibishi, yeye anachunga tu. Mwisho nikabatizwa, mtu mzima na kitambi changu, maji yakamwagika watu wakacheka.

Kanisani nako kuna washauri. Jumapili moja nimekosa ibada, mtamba anazaa na ndama kageuka, nikasemwa wiki nzima. Si Yesu mwenyewe kauliza kwenye Luka 14 nani ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato asimtoe? Ndama tulimtoa mzima, akapewa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya masaa 6 ya mwanzo (usichelewe hapo, kinga yake yote iko humo), saivi ni dume ukiliona unaweza kusema nimelipaka mafuta.

Kitu kilichobaki kunisumbua ni yule mnunuzi wa zile safari mbili. Zakayo alisema kama kamnyang'anya mtu anarudisha mara nne. Nikapiga hesabu, mara nne inauma jamani, nikaiangalia wiki mbili nzima alafu nikaenda. Nikamweleza yote, chumvi, birika, kilo. Jamaa kanyamaza, mimi nikajua leo napigwa. Ghafla akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mzani wake aliuchezea zamani, kila kichwa anakula kilo 20, ng'ombe wote niliomuuzia toka nianze, hata wale wasiokula chumvi!

Saivi napima kifua kwa utepe hapo hapo zizini, nyuma ya miguu ya mbele, napata makadirio ya uzito kabla sijaenda popote.

Nilivyorudi nikamhadithia mzee. Kawaza sana, akageuza fimbo, akaniuliza, "Sasa bosi, hiyo mara nne nani anamlipa nani?"