Miaka sita ya vipima mvua vyetu kwenye seva ya kupanga

Uyole, Mbeya, Novemba 2025

Mvua za kwanza za msimu zimeanza wiki hii, na kabla kazi ya kila asubuhi haijanibana nimeona niandike mradi umefikia wapi, hasa upande wa seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi takwimu zetu, kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuanzisha kitu cha namna hii. Kwa msomaji mpya, tuko watu sita tunaopima mvua kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa nchini: mmoja yuko Uyole, mmoja Igurusi, na wengine Isyonje, Isongole, Kiwira na Tukuyu. Kutoka hapa hadi Tukuyu kwa barabara haifiki kilomita 70, lakini Tukuyu huvuka milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho Uyole haikikaribii kabisa. Mkulima wa viazi wa Isyonje akitaka kujua lini apige dawa ya ukungu, kipimo cha mjini hakimsaidii. Anahitaji cha kijijini kwake.

Mwanzoni takwimu zilikaa kwenye kompyuta kuukuu ya mezani nyumbani kwangu, na kila umeme ulipokatika ghafla nilikuwa na hofu kwamba faili la hifadhidata limeharibika, jambo lililotokea mara mbili. Septemba 2019 nikahamia VPS, yaani seva pepe ya kukodi. Huu ni mfano wa nyumba ya kupanga: mashine moja kubwa hugawanywa kwa programu kuwa vyumba vingi, kila mpangaji ana ufunguo wake na anaweka mfumo wa uendeshaji wa Linux anaoutaka, lakini ukuta na bomba la maji ni vya wote. Nilichukua chumba kidogo kilichoko Ujerumani, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 25, kwa dola 5 kwa mwezi. Umbali haukunisumbua, kwa sababu mpimaji anatuma namba moja tu kwa siku. Kilichonisumbua ni dola yenyewe: bei haikubadilika, lakini shilingi 11,500 nilizokuwa nalipa mwaka ule zilikuwa zimevuka 13,000 kufikia katikati ya 2024.

Tatizo la kwanza lilikuwa saa, na nalieleza kwa kirefu kwa kuwa ni letu hasa. Seva ilikuja ikiwa imewekewa majira ya Ujerumani. Tarehe 27 Oktoba 2019 Ulaya ilirudisha saa nyuma, na vipimo vilivyokuwa vikiandikwa saa 08:00 za seva vikaanza kuonekana vya 07:00, ingawa hapa hakuna aliyebadilisha chochote. Nikaiweka seva kwenye majira ya UTC, saa ya kimataifa ambayo haibadiliki, na Afrika Mashariki ikawa saa tatu mbele yake mwaka mzima. Hata hivyo bado namba za Isongole zilikuwa zinaangukia siku isiyo yake. Nilipofungua jedwali mstari kwa mstari nikaona kwamba mama anayepima kule aliandika saa kama sote tunavyoitaja, yaani 3, na programu yangu ikahifadhi 03:00, usiku wa manane. Siku ya mvua huanza na kuishia saa tatu asubuhi, hivyo kipimo chake kilihesabiwa kuwa cha jana yake. Mama yule hakukosea hata kidogo. Programu ndiyo ilikuwa haijui saa ya Kiswahili. Sasa mpimaji anachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu ndiyo inayojumlisha saa zinazopaswa.

Upande wa usalama, saa chache tu baada ya kuiwasha seva nilikuta kwenye orodha ya matukio ya mfumo mamia ya majaribio ya kuingia kwa jina la root, yaani msimamizi mkuu wa seva, kutoka anwani nisizozijua. Nilizima kabisa njia ya kuingia kwa nywila, nikabaki na ufunguo wa kidijitali pekee, na tangu hapo majaribio yale ni kelele za nje ya mlango.

Kosa langu kubwa lilizaliwa katika usafi huohuo wa usalama. Tarehe 11 Januari 2022 nilibadilisha nywila ya hifadhidata, lakini nikasahau kuibadilisha ndani ya skripti, yaani programu fupi inayotengeneza nakala rudufu kila usiku na kuituma kwenye kompyuta yangu hapa nyumbani. Skripti haikulalamika. Kila usiku iliomba data, ikanyimwa, na ule utupu ikaubana kwa gzip, programu ya kubana mafaili, na kuutuma, na kila asubuhi nilipochungulia folda niliona faili jipya lenye tarehe sahihi, nikaridhika. Tarehe 3 Machi alfajiri diski ya mashine kubwa ilikufa pamoja na vyumba vyetu vyote, na kampuni ikatuandikia kwamba hakuna kitakachookolewa. Nilifungua folda kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. Faili la mwisho lilikuwa na baiti 20. La kabla yake baiti 20. Baiti 20 ndizo gzip inazotoa usipoipa kitu chochote cha kubana. Nilihesabu mafaili 51 ya namna hiyo, tangu usiku ule wa Januari, katikati kabisa ya msimu wa mvua, na siku 51 kwa watu sita ni vipimo 306.

Vilivyotuokoa ni madaftari. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba kila mpimaji aandike kwa kalamu kwanza, ndipo atume. Nilitumia Jumamosi tatu kwenda Igurusi na kufika hadi Tukuyu, nikipiga picha kurasa moja baada ya nyingine. Daftari la Isongole lilikuwa na doa la chai, lakini halikukosa siku hata moja. Tulirudisha vipimo 295. Vile 11 vilivyokosekana niliviacha wazi, sikuandika sifuri, kwa maana sifuri inamaanisha mtu alikwenda kwenye kipima mvua akakikuta kikavu. Tangu wakati huo skripti hukataa faili dogo kuliko la jana na kunitumia ujumbe, na kila mwezi nachukua nakala, nairudisha kwenye mashine tupu, kisha nalinganisha tarehe tatu na picha za madaftari.

Jirani wa chumba cha pili nilimjua mwaka 2023. Ukurasa wa mtandaoni wa kutumia vipimo ulikuwa mzito nyakati za mchana, nami niliilaumu programu niliyoiandika mwenyewe kwa majuma mawili, hadi nilipoitazama vizuri top, programu inayoonyesha seva inavyotumika, na kuona namba iliyoandikwa st imepanda hadi 30. Namba hiyo ni asilimia ya muda ambao seva yako ilitaka prosesa ikaambiwa ingoje, kwa kuwa wapangaji wengine wa mashine ileile wanaitumia. Niliomba kuhamishiwa mashine nyingine na tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, seva ilikuwa nzima na sisi ndio tuliokuwa hatuifikii. Simu ya Isongole iliingia mapema. “Mwanangu, mvua nimepima, ila ukurasa wako umegoma kufunguka. Niandike wapi?” Nikamwambia, “Shikamoo mama, andika kwenye daftari kama siku zote, mengine niachie mimi.” Mwezi uliofuata niliongeza uwezo wa ukurasa kuhifadhi kipimo ndani ya simu na kukituma wenyewe mtandao unaporudi. Nilikuwa nimechelewa kuufanya.

Kwa sasa seva ni ya tatu. Debian 10, toleo la Linux nililoanza nalo, ilifikia mwisho wa matunzo ya muda mrefu Juni 2024, na badala ya kuipandisha ngazi kwa ngazi nilipanga chumba kipya chenye Debian 12, nikarudisha data kutoka kwenye nakala, nikaviendesha vyote viwili sambamba kwa siku kumi, kisha nikafunga cha zamani. Debian 13 imetoka Agosti mwaka huu. Nitahamia baada ya mvua, mwezi wa sita, wapimaji wanapokuwa na siku nyingi za sifuri.

Jumamosi nakwenda Isongole. Kipima mvua cha kule kimepata ufa pembeni, na mama amesema daftari limebakiza kurasa nne.