Nilivyojua mdogo wangu alitiwa hatiani lini hasa

Nimechoshwa na ushauri wa "andika hapana, mradi hajafungwa." Mdogo wangu alikiri kosa mahakamani, hakimu akaahirisha kutoa adhabu, na katikati ya hapo ikaja fomu ya kazi: je, umewahi kutiwa hatiani? Mmoja akashikilia kwamba hatia huanza siku ya adhabu. Mwingine akaapa kwamba ukishakata rufaa, kesi imefutika. Ushauri huo ungemwongezea kijana kosa la pili, la kudanganya kwenye fomu.

Tulianzia kwa mpelelezi wa kesi. Alikumbuka kukamatwa na dhamana, zaidi ya hapo hakuwa na jibu, wala si kazi ya polisi kumtia mtu hatiani. Tukaenda masjala ya mahakama. Nilipouliza kama mdogo wangu ana hatia, karani akasema, "Dada, mimi si wakili." Nikageuza swali: nikaomba anisomee kilichoandikwa kwenye mwenendo wa shauri siku ile. Akafungua jalada bila ubishi. Shtaka lilisomwa, akakiri, akasomewa maelezo ya kosa, akayakubali yote. Chini yake hakimu ameandika kwamba mahakama inamtia hatiani kama alivyoshtakiwa, kwa saini na tarehe. Mstari huo ndio niliokuwa nautafuta! Kukiri ni maneno ya mshtakiwa. Kutia hatiani ni uamuzi wa mahakama, na adhabu hufuata baadaye. Nililipia nakala yenye muhuri, hela ndogo tu.

Ila usichukue jibu langu ukalipeleka nchi nyingine. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, hati rasmi ya hukumu hubeba hatia pamoja na adhabu, na jaji huisaini. Italia, ibara ya 27 ya katiba inasema mshtakiwa hahesabiwi mwenye hatia mpaka hukumu iwe ya mwisho, kwa hiyo rufaa huko ina uzito mwingine. Kwenye mahakama iliyomshughulikia mdogo wangu, hatia husimama hadi mahakama ya juu iitengue, hata kama umepewa dhamana ukisubiri rufaa. Muulizeni wakili wa hapo hapo mlipo, tena mkiwa na nakala mkononi.

Aliandika "ndiyo", akataja kosa na tarehe, akaongeza "adhabu bado haijatolewa", akaambatanisha nakala. Kwenye usaili walimuuliza habari hiyo, akaeleza, wakaendelea na maswali ya kazi. Wamemwajiri.