"Shangazi, mimi sikumbuki"

Tangu Jumapili jibu la kaka halijanitoka kichwani, ingawa wiki hii mdogo wetu amevishwa pete na mimi nimethibitishwa kazini, mambo ambayo kwa kawaida yangejaza ukurasa mzima.

Shangazi alimwuliza mezani, kwa upole kabisa: "Mwanangu, ajali ilishapita, na wenzako uliokuwa nao garini wanaendelea na maisha yao, mbona wewe hutaki kusahau?" Kaka akaweka kijiko chini, akajibu: "Shangazi, mimi sikumbuki. Naona." Shangazi akasema enzi zao hakukuwa na maradhi hayo, na mazungumzo yakahamia kwenye maandalizi ya harusi.

Kinachoniuma ni kule kudhaniwa kwamba kaka anafanya kusudi. Wengi wanaopatwa na tukio la kutisha hupata nafuu wenyewe baada ya muda, na ndiyo maana daktari hatamki maradhi ya msongo baada ya kiwewe mpaka dalili zipitilize mwezi mmoja. Lakini anayebaki nazo habaki kwa udhaifu wa moyo. Anayekumbuka jambo hujua kwamba limepita. Kaka hana nafasi ya kujua: breki za lori zikilia nje, mkono wake hushika ukingo wa meza hadi vidole vinabadilika rangi, kwa sababu amigdala, sehemu ya ubongo inayoamsha mwili wakati wa hatari, hujibu kana kwamba ajali ndiyo inatokea. Na hizo enzi za shangazi maradhi yalikuwepo. Jina hili la msongo baada ya kiwewe ndilo lililoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, ilhali katika Vita vya Kwanza vya Dunia wapo askari waliougua namna hiyo wakaitwa waoga, na baadhi yao wakapigwa risasi na majeshi yao wenyewe.

Nilikuwa nimemwandalia shangazi hotuba ndefu, lakini Alhamisi hasira iliniishia. Kwa mtaalamu wake wa tiba ya akili kaka huisimulia ajali yote akiwa amefumba macho, kana kwamba inatokea sasa hivi, na sauti yake hurekodiwa ili aisikilize nyumbani, maana kukwepa ndiko kunakoilisha hofu. Zoezi la wiki hii lilikuwa kukaa ndani ya gari lililozimwa, asitoke mpaka woga upungue. Nilimtazama kupitia dirishani: mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni, kisha yakateremka taratibu, na mwishowe akafungua kisanduku cha mbele akaanza kupanga risiti za zamani. Sijawahi kufurahia risiti kiasi hicho.

Sasa kinachonikosesha raha ni vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, nilivyovikuta katika mfuko wa koti lake wakati wa kufua, ambavyo anasema alipewa na rafiki ili apate usingizi. Miongozo ya tiba haivishauri kwa maradhi haya, navyo hujenga utegemezi upesi, na kaka hajaniambia kama mtaalamu wake ana habari.