Nilienda Giza, Misri, na mama kuliona kaburi la Meresankh

Watu wengi wakifika Giza wanapiga picha na piramidi, wanapanda ngamia, basi wanaondoka. Sisi tulichokifuata kilikua upande wa mashariki wa piramidi la mfalme Khufu, chini ya ardhi, kaburi la Meresankh wa tatu, mjukuu wa Khufu na mke wa Khafre, yule mwenye piramidi la pili. Tiketi yake unakata peke yake. Jua lilikua kali balaa nikamwambia mama tupumzike kwanza akakataa, akajifunga mtandio vizuri akatangulia.

Unashuka ngazi unaingia vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba na rangi bado zipo jamani, miaka kama 4500! Ukutani Meresankh yuko na mama yake, Hetepheres wa pili, wamesimama kwenye mtumbwi mmoja wanang'oa mafunjo. Kwingine huyo mama kavaa gauni mabega yamechongoka juu, kichwani njano yenye vimistari vyekundu. George Reisner, mwanaakiolojia aliyelifukua kaburi mwaka 1927, alidhani ni nywele zake kabisa, ila baadae wengi wakaona ni wigi au kitambaa.

Chumba cha kaskazini ndo kilinimaliza. Wanawake kumi wamechongwa kwenye mwamba huohuo, wamesimama mstari mmoja, wengine wamekumbatiana mabegani kama ndugu wanaosubiri kupigwa picha, wala hawajaandikwa majina. Mafundi ndo wameandikwa, mchoraji Rahay na mchongaji Inkaf, kitu ambacho makaburi ya Misri ni nadra sana kukikuta, na mi nilifurahi sana kuwataja kwa sauti mle ndani.

Mlangoni imeandikwa siku aliyofariki na siku aliyopelekwa kaburini, na kati ya hizo mbili zimepita siku zaidi ya 270. Nilipomtafsiria mama akahesabu kwa vidole, akasema, "Miezi tisa hiyo," akanyamaza. Mama alishamzika dada yangu mkubwa, kwahiyo sikuongeza neno.

Halafu kuna hili la jeneza, la graniti nyeusi. Lilikua la Hetepheres mwenyewe, ila mwanae Meresankh akatangulia kufa, Hetepheres akampa yeye, na maneno ya kumpa yakachongwa hapohapo kwenye jiwe. Ndani walikuta mifupa ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, yani huyo mama alikua bibi mzee kabisa wakati anamzika mwanae.

Jeneza halipo tena pale, limebaki shimo walilolishushia, kwenye chumba cha magharibi. Mama akainama akachungulia muda mrefu kashika ukingo, akaniuliza, "Na yeye alisimama hapa wakati wanalishusha?" Nikamwambia nadhani ndiyo mama. Akarudi taratibu mpaka kule kwenye mtumbwi, nikamuacha.