Siku ya renji na askari wa ofisini

Mimi ni mkufunzi wa shabaha jeshini, na kazi yangu iko renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha. Wiki nyingi nashinda na askari wa miguu, watu ambao bunduki ni mwenzao wa kulala na kuamka. Leo si zamu yao. Leo nina makarani, mafundi wa magari, wapishi, watunza bohari, matabibu na wanamuziki wawili wa bendi. Wote walishika silaha walipokuwa makuruta, na tangu hapo huiona mara moja kwa mwaka, siku kama hii.

Saa 11:00 alfajiri

Ghala la silaha. Kila bunduki inatoka kwa namba na kwa sahihi ya mtu. Risasi zinatoka kwenye bohari yake, kwa daftari lake na kwa gari lake, na hazikutani na bunduki mpaka tufike renji. Bunduki zenyewe ni aina ya AK, yaani Kalashnikov. Karani mmoja wa mishahara anapokea yake kwa mikono miwili kama aliyeachiwa mtoto wa jirani. Sina neno naye. Ninayemwogopa ni yule anayeidaka kwa mkono mmoja huku akipiga soga.

Saa 12:30 asubuhi

Kanuni za usalama wanazijua kwa kichwa, wanazitaja kwa sauti moja: kila silaha ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe, mtutu hauelekei usichotaka kukipiga, kidole nje ya triga, jua kilichopo nyuma ya shabaha. Vizuri. Kisha namwambia mtunza bohari aliye mstari wa mbele: hakikisha bunduki yako haina kitu. Anakoki, yaani anavuta nyuma ule mkono wa pembeni unaoingiza na kutoa risasi, anaangalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, anaachia. Halafu anachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi.

Namsimamisha hapo hapo. Magazini haikuwa na kitu, ni mazoezi tu, lakini nawauliza wenzake: ingekuwa imejaa, sasa hivi kuna nini kwenye chemba? Kimya. Kisha fundi mmoja anajibu taratibu, "Kuna risasi, afande." Ndiyo. Ukikoki magazini ikiwa bado imo, ile risasi unayoitoa inafuatwa na nyingine. Unachomoa magazini, unaamini mikono yako ni salama, unabonyeza triga kujiridhisha, na inalia. Magazini kwanza, chemba baadaye. Tunarudia mpaka mikono iache kuuliza kichwa.

Kuna na wenzo wa usalama. Juu kabisa ni salama, na hapo hata kukoki hukoki. Ukiushusha, kituo cha kwanza ni mfululizo. Cha mwisho chini ni moja moja. Mtu asiyeishika silaha kila siku hudhani ataanzia na moja moja. Kwa hiyo leo kila mtu anaushusha mpaka chini, na ananitamkia kwa mdomo ulipo.

Tabibu anauliza swali ambalo kila mwaka lazima mmoja wao aulize: je, mimi mwenye alama ya msalaba mwekundu nikibeba bunduki sipotezi kinga yangu ya kutoshambuliwa vitani? Hupotezi. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 22, unaruhusu wahudumu wa tiba wawe na silaha na wazitumie kujilinda na kuwalinda majeruhi walio mikononi mwao. Kushambulia ndiko kunakomvua kinga. Anatikisa kichwa, anaanza kujaza magazini.

Saa 2:00 asubuhi

Mita 25, wamelala kifudifudi, risasi tano tano kwenye karatasi. Hapa sitafuti katikati ya duara, natafuta matundu yakae pamoja. Yakikaa pamoja pembeni, kosa ni la bunduki na tunaiseti. Yakitawanyika, kosa ni la mtu.

Fundi wa redio, koplo, matundu yake yote yanashuka chini kushoto na yametawanyika. Anailaumu bunduki. Namchukulia magazini, naijaza kwa siri risasi halisi na za bandia zikiwa zimechanganyika, namrudishia. Ya kwanza inalia. Ya pili inatoa "ta" tupu, na mtutu unachota chini kama kiganja kizima. Ameuona mwenyewe, wenzake wameuona, hakuna haja ya hotuba. Mwili wake unajikinga na kishindo kabla hakijaja. Dawa yake ni kuvuta triga polepole kiasi kwamba mlio umkute hajajiandaa. Baada ya nusu saa matundu yake yanafunikwa na kiganja kimoja.

Wapishi, niseme ukweli, wanalenga kuliko wote. Sijui siri yao ni ipi, labda ni kuzoea kelele na joto.

Saa 4:00 asubuhi

Mita 100. Masikio yamefunikwa, maana mlio mmoja wa bunduki hupita desibeli 140 na masikio hayarudi yakishaharibika. AK hutupa maganda kulia kwa nguvu, na yanatoka ya moto. Ganda moja linaingia kwenye kola ya mwanamuziki wa bendi. Anafumba macho, anaweka usalama, anaiweka bunduki chini mtutu ukielekea mbele, ndipo anaanza kurukaruka. Nampa alama za ziada ambazo hazimo kwenye fomu yoyote.

Saa 6:30 mchana

Kunawa kabla ya kula: maji baridi na sabuni, mpaka viwiko. Vumbi la renji lina madini ya risasi (ledi), na sumu hiyo hupita mkononi kwenda mdomoni.

Wakiwa wamekaa nawasimulia Nasiriyah, Iraki, tarehe 23 Machi 2003. Kikosi cha matengenezo cha jeshi la Marekani, kombania ya 507, kilipotea njia kikaingia mjini. Kwenye msafara ule walikuwemo askari 33, wengi wao watu wa spana na wa karatasi. 11 waliuawa, 7 walitekwa. Ripoti ya jeshi lenyewe ilitaja bunduki zilizokwama, na vumbi la jangwani pamoja na usafi hafifu wa silaha kuwa sababu inayoelekea. Hakuna aliyewaambia asubuhi ile kwamba leo nyinyi ndio mstari wa mbele.

Saa 8:00 mchana

Risasi zimekwisha. Kwenye ratiba iliyotoka juu siku imeishia hapa: mtu kapiga, kapata alama, kasaini. Kwangu ndipo mafunzo yanapoanza.

Bunduki tupu, kofia za chuma, fulana za kujikinga. Kubadili magazini bila kuitazama: ndoano ya mbele inaingia kwanza, kisha unaivuta nyuma mpaka ilie. Anayeisukuma moja kwa moja juu atahangaika nayo mpaka kesho. Kisha bunduki iliyokwama: gonga magazini, koki, lenga tena. Kisha kushuka kwenye lori bila mtutu kumpitia mwenzako usoni. Haya ndiyo yanayopotea mtu akikaa mwaka mzima mezani. Kulenga hurudi asubuhi moja. Mikono hairudi hivyo. Na hayagharimu hata risasi moja, ndiyo maana sielewi kwa nini huwa ya kwanza kukatwa muda ukibana.

Saa 10:00 jioni

Maganda yanahesabiwa dhidi ya risasi zilizotoka. Moja halipo. Watu wote chini, wanapekua nyasi, mpaka linaonekana kwenye mkunjo wa suruali. Kila mmoja anapita mbele yangu na kutamka: "Sina risasi wala ganda, afande." Usafi wa bunduki, mtutu na pistoni ya gesi, mafundi wa magari wanaumaliza mapema na kuwasaidia wengine.

Saa 1:00 usiku

Silaha zimerudi kwa namba zake. Naandika ripoti. Alama zao ni nzuri, na mkubwa atazisoma hizo tu, kwa hiyo ombi langu nimeliweka juu ya alama: nusu saa kila wiki, bunduki tupu, hapo hapo kambini. Mwaka jana niliomba Alhamisi, nikajibiwa kwamba Alhamisi ni siku ya kufunga hesabu. Safari hii nimeandika Jumanne.