Mkate Uliokuwa Ukinipita

Jumapili ile sahani ya mkate ilipofika kwangu niliipokea, nikampa aliyekaa kando yangu, mikono ikarudi mapajani mitupu. Ilikuwa Meza ya Bwana ya nne mfululizo kunipita. Nilidhani hakuna aliyeona.

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimetazama tena picha za ngono kwenye simu. Mazoea hayo yalikuwa na miaka sita, na mwendo wake niliujua vizuri. Nikiwa peke yangu, nimechoka au nimeudhiwa, mkono unaifuata simu. Kisha aibu. Kisha nafunga kula siku tatu, nafuta programu, naapa mbele za Mungu kwamba sirudii. Siku ya tatu ikiisha najiona nimelipa. Na aliyekwisha kulipa deni hukopa tena bila woga. Hilo sikuliona mpaka nilipoonyeshwa.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinifuata. "Mwanangu, mkate unakupita. Una nini?"

Nikampa jibu nililolizoea: "Niombee, mzee. Nina udhaifu."

"Udhaifu gani?"

"Wa mwili tu."

Hakuondoka. Alinikalisha benchi la nyuma, watu wakiwa wametoka, akafungua Zaburi ya 32, akanipa nisome mwenyewe. Nikafika pale Daudi anaposema kwamba aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa. Sauti ikakwama. Zaburi ile nilikuwa nimeisoma mara nyingi, hata kuwafundisha vijana, lakini sikuwahi kuisoma huku mtu ameketi ananisubiri.

Nikasema. Nilisema ni nini hasa, tangu lini, na kwamba mara ya mwisho ilikuwa jana yake. Jasho lilinitoka kama mwenye homa. Nilitazama viatu vyake, maana usoni sikuweza. Nikamweleza pia habari za zile siku tatu za kufunga, nikitumaini kwamba zitanipunguzia.

Hapo ndipo aliponikatiza, tena kwa upole. "Hizo siku tatu unamlipa nani? Yesu alipokufa msalabani, alibakiza kiasi gani ukimalizie wewe?"

Sikuwa na la kumjibu. Miaka yote niliamini kwamba kule kujitesa ndiko kutubu. Kumbe nilikuwa nikimkimbia Mungu siku tatu nzima, nikishona majani ya mtini kama Adamu, ili nikitokea mbele zake nionekane nafaa. Petro alimkana Bwana mara tatu akalia kwa uchungu; lakini siku aliyosikia kwamba ni Bwana aliyesimama ufuoni, alijitupa baharini kumwendea, na wenzake wakaja nyuma na mashua. Habari hiyo naipenda mno. Hata leo nikiisoma huwa natulia hapo kwa muda.

Mzee aliniombea kwa maneno machache, mkono wake begani kwangu. Kisha akanipa masharti mawili: simu isilale chumbani mwangu, na nikianguka nimpigie saa ileile, kabla sijaanza kufunga wala kuapa.

Nilianguka siku ya 19. Wapo wanaosimulia kwamba waliombewa mara moja wakafunguliwa papo hapo, nami nawaamini. Kwangu haikuwa hivyo. Saa nane usiku nilisimama sebuleni, simu mkononi, nikilitafuta jina lake, nikiliacha, nikilirudia. Kila kitu ndani yangu kilisema ngoja, funga kwanza, utampigia ukiwa msafi.

Alipokea. "Sema, mwanangu."

"Nimeanguka, mzee."

"Umekwisha kumwambia Bwana?"

"Bado. Naona aibu."

"Basi tumwambie sasa hivi, mimi na wewe."

Tukamwambia. Nililala usiku uleule, na asubuhi nilikunywa chai kama watu wengine. Nilianguka tena baadaye, mara zikaachana, miezi ikawa mirefu katikati, hadi zikakoma. Huu ni mwaka wa tano. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Meza ya Bwana iliyofuata baada ya simu ile. Sahani ilifika kwangu. Mzee alikuwa upande wa pili wa kanisa, ameinamisha kichwa, hakunitazama. Mkono ulitetemeka, nikachukua kipande changu, nikala.