Ujiji kwa nusu siku: ziwa limekwenda wapi?

Daladala za Ujiji hazikauki mjini Kigoma, na njia yenyewe haifiki kilomita kumi. Mwambie konda unashuka Livingstone, penye kumbukumbu ya mahali ambapo mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley alimkuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, kisha teremka kwa miguu kuelekea ziwani. Nenda asubuhi, mchana jua la pale halina huruma na picha zinatoka nyeupe.

Ndani ya uzio kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, jumba la makumbusho, na miembe. Usidanganyike: mwembe wa 1871, unaosemekana walikutana chini yake, ulishakufa zamani. Iliyopo inasemekana ni vizazi vyake. Sanamu za Stanley na Livingstone wakivuliana kofia ndizo wageni wengi wanazozipiga picha, ilhali kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemlaki kwanza ni Susi, mtumishi wa Livingstone, akifuatiwa na Chuma. Muulize mwongozaji habari za hao wawili. Huko ndiko penye utamu.

Jambo linalowatatiza wengi ni umbali wa maji. Mji wa bandari, mbona mnara uko mbali hivi na ufukwe? Sababu ni mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa ziwa Tanganyika kutolea maji. Wakati ule wa Livingstone mlango ulikuwa umezibwa na tope na majani, ziwa likajaa. Miaka ya 1870 ikiishia, maji yakapasua kizuizi, na ndani ya miaka kama kumi na mitano ziwa likashuka mita kumi hivi. Kwenye mwambao tambarare kama wa Ujiji, mita kumi za kina ni shamba zima la nchi kavu. Miaka ya karibuni limepanda tena, likala nyumba na gati, kwa hiyo usishangae ukikuta njia ya mwaka juzi imo majini.

Teremka mpaka ufukweni uwaone mafundi wa mitumbwi. Tazama maungio ya mbao yanavyokalafatiwa, yaani yanavyozibwa nyufa: hapo ndipo chombo kinapovuja kazi ikifanywa kwa haraka. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu.

Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kaskazini mwa Kigoma, iachie siku nyingine. Boti za abiria za Kibirizi, ufukwe wa boti ulio karibu na mji wa Kigoma, huondoka mchana na kurudi asubuhi yake, kwa hiyo utalala huko. Kiingilio cha hifadhi hakipokelewi taslimu. Na ukiwa na mafua ahirisha, kwani sokwe huambukizwa maradhi yetu na walinzi watakurudisha.